UZI: Nani anafaa kutengeneza barabara ya kwenu? Historia ya Nakuru mashambani, kutoka kwa walowezi hadi kaunti

1/ Kila mara picha ya barabara mbovu ya Kuresoi au Subukia ikisambaa mtandaoni, majibu huwa ni yale yale. Mmoja anasema gavana amelala. Mwingine anasema hiyo ni kazi ya mbunge. Wa tatu anasema MCA alikula pesa. Wa nne anasema ngoja serikali kuu. Wanatukanana mpaka usiku, na kesho yake greda bado haijafika. Shida moja ni kwamba wengi wetu tunabishana bila kujua hiyo barabara, kwa karatasi, ni ya nani.

2/ Hapa sitataja mwanasiasa wala chama, kwa hivyo ukija kwa comments kutafuta wako au wa adui yako, hutampata. Nataka tupitie karibu miaka 100 ya Nakuru mashambani: Njoro, Molo, Kuresoi, Rongai, Subukia, Bahati, Gilgil, Naivasha. Hoja ni moja tu. Kazi ya kujenga na kutunza vitu vya kijijini imehamishwa kutoka ofisi moja hadi nyingine mara nyingi sana, lakini pesa mara nyingi imebaki nyuma au imepita mlango mwingine. Na kila mara hilo likitokea, mwananchi ndiye hutangulia kulipa. Haya, tuanze.

3/ Reli ilifika Nakuru mwaka wa 1900. Nchi iliyoizunguka ikatengwa kwa walowezi wa Kizungu. Ukitaka kujua miundombinu ya wakati huo ilikuwa ya nani, angalia matawi ya reli ya miaka ya ishirini: moja likaelekea Solai, jingine likatoka Gilgil kwenda Thomson's Falls, ambayo leo ni Nyahururu. Yalifuata mashamba makubwa, mahindi na mifugo ya walowezi. Barabara nazo zilifuata mantiki hiyo hiyo: kutoka geti la shamba hadi stesheni. Hakuna aliyekuwa anauliza mama mjamzito atapita wapi.

4/ Mwaka wa 1928 ikaja sheria ya serikali za mitaa iliyounda halmashauri za wilaya katika maeneo ya walowezi, Nakuru na Naivasha zikiwemo. Wajumbe wake walikuwa walowezi wenyewe. Kazi yao kubwa ilikuwa barabara. Na pesa? Kwa miaka mingi zilitegemea sana ruzuku ya barabara kutoka serikali kuu badala ya kujitoza kodi ya ardhi. Na serikali kuu nayo ilikuwa inakusanya kodi ya nyumba na kodi ya kichwa kutoka kwa Waafrika. Kwa hivyo yule aliyekuwa analipa, barabara haikuwa inapita kwake.

5/ Sasa sikiza hii, kwa sababu wengi hawaijui. Katika yale maeneo yaliyoitwa reserve, Waafrika walipewa mabaraza yao kuanzia sheria ya 1924. Mabaraza hayo hayakuwa na nguvu nyingi, DC ndiye alikuwa mwenyekiti, lakini angalau yangeweza kutoza ada na kujenga shule au zahanati. Nakuru mashambani haikuwa reserve. Wafanyakazi Waafrika walioishi kwa mashamba ya walowezi, wale walioitwa maskwota, hawakuwa na baraza lolote. Halmashauri ya walowezi haikuwa yao, na baraza la reserve lilikuwa mbali. Walilipa kodi bila kuwa na mahali pa kuuliza kalvati.

6/ Tena hiyo halmashauri ya wilaya ikapewa rungu la kuwachapa nalo. Sheria ya wafanyakazi wakaazi ya 1937 iliziruhusu halmashauri za walowezi kuamua skwota awe na mifugo mingapi, alime kiasi gani, na afanye kazi siku ngapi kwa mwaka. Siku zikaongezwa, ng'ombe wakapunguzwa. Kwa hivyo ukisikia mzee wa Njoro au Elburgon akisema "kaunsili haijawahi kuwa yetu", usimcheke. Ofisi ya kwanza ya serikali ya mtaa kwenye eneo lake ilikuwa kweli si yake.

7/ Matokeo ya hiyo historia bado yako ardhini. Mabwawa, mabomba, majosho na barabara nyingi za zamani za Nakuru zilianza kama mali ya shamba, ndani ya seng'enge. Shamba likigawanywa, kila kitu kinabaki na swali: sasa hii ni ya nani, na nani anaikagua? Tarehe 9 Mei 2018, bwawa lililokuwa ndani ya shamba la watu binafsi huko Solai lilipasuka usiku na kuua watu wasiopungua 47. Siku zilizofuata, Wakenya wakaanza kuuliza nani alikuwa na jukumu la kukagua mabwawa. Swali lenyewe lilikuwa la miaka mingi. Ni vile tu lilikuwa halijaua watu wengi namna hiyo kwa usiku mmoja.

8/ Uhuru ukaja 1963. Kaunsili za kaunti zikapewa kazi kubwa: shule za msingi, zahanati, barabara za mashambani. Ili kulipia hizo kazi zilikuwa na kodi ya mtu binafsi iliyopanda kulingana na kipato, pamoja na ada za shule, leseni, ushuru wa soko na ruzuku. Kwa mara ya kwanza mtu wa Bahati angeweza kumchagua kansela na kumwuliza ana kwa ana kuhusu daraja. Kwa karatasi hiyo ilikuwa sawa. Lakini kila mzazi alitaka mtoto wake aende shule, idadi ya wanafunzi ikapanda haraka, na kodi ikawa haikusanyiki vizuri. Kaunsili nyingi zikaanza kushindwa kulipa walimu.

9/ Wakati huo huo, Nakuru ilikuwa inabadilika kuliko sehemu nyingi za nchi. Watu waliungana kwa kampuni na vyama vya kununua ardhi, kama Ngwataniro na Ndeffo, wakachanga pesa, wakanunua mashamba ya walowezi waliokuwa wanaondoka, wakagawana vipande. Shamba lililokuwa na familia moja ya mlowezi sasa likawa na mamia ya familia. Fikiria hesabu yake: barabara moja ya geti, bomba moja, josho moja, na ghafla kuna kijiji kizima. Hakuna shule, hakuna soko, hakuna zahanati.

10/ Wanachama walifanya jambo la busara. Wakati wa kupima ardhi walitenga vipande vya matumizi ya umma: hapa shule, hapa soko, hapa josho, hapa kanisa, hapa makaburi. Ardhi hiyo ilikatwa kutoka kwa hisa zao wenyewe. Yaani sehemu kubwa ya ardhi ambayo leo inaitwa "ya serikali" kule mashambani Nakuru ilinunuliwa na wananchi kwa michango yao. Tafadhali weka hilo akilini, tutalirudia.

11/ Mwaka wa 1969 Bunge lilipitisha sheria ya kuhamisha kazi za kaunsili. Kuanzia Januari 1970, shule za msingi, afya na barabara zikatolewa kwa kaunsili za kaunti zikapelekwa Nairobi kwa wizara. Ile kodi ya mtu binafsi nayo ikaenda, na miaka michache baadaye ikafutwa kabisa. Manispaa kubwa ziliachiwa kazi zake. Kwa hivyo mtu wa mjini Nakuru akabaki na kaunsili yenye kazi, na mtu wa Kuresoi akabaki na kaunsili yenye jina.

12/ Hapo ndipo mchezo wa siasa tunaoujua ulipozaliwa. Kansela aliendelea kuchaguliwa na aliendelea kuahidi barabara na zahanati, lakini kwa sheria hakuwa nazo tena. Alibaki na soko, leseni, ushuru wa mazao na vitu vidogo vidogo. Mwananchi alimlaumu kansela, kansela akamlaumu DC, DC akasema ameandikia wizara. Barua ikaenda Nairobi na kurudi, mvua ikanyesha. Wale mnaosema kutupiana lawama kumeletwa na ugatuzi, mnaona vile ni kitu cha zamani.

13/ Pengo likazibwa na harambee. Mashambani Nakuru, kama kwingineko Kenya, wazazi walichanga mawe, mbao, mabati na siku za kazi. Ada ya darasa la kwanza hadi la nne ilipofutwa kuanzia 1974, wanafunzi wakafurika, shule zikaleta ada ya majengo, na mzazi akalipa kwa jina lingine. Harambee ilijenga vitu vingi na nisidanganye mtu: bila hiyo, vijiji vingi havingekuwa na shule. Lakini ilikuwa na kasoro mbili. Harambee hujenga, haitunzi. Na siku ya harambee mwanasiasa alikuja na bahasha, akahesabiwa kama ndiye aliyejenga, ilhali msingi na kuta zilikuwa jasho la kijiji.

14/ Mwaka wa 1983 ukaja mpango wa kuzingatia wilaya katika maendeleo ya mashambani. Wazo lilikuwa kwamba mipango ifanywe wilayani badala ya Nairobi. Sikiza vizuri neno hilo: wilayani, chini ya kamati ya maendeleo iliyoongozwa na DC. Kaunsili iliyochaguliwa ilikaa kwenye kamati kama mmoja wa wengi. Kazi ikakaribia kijiji, lakini aliyekuwa na sauti ya mwisho alikuwa ameajiriwa, hakuchaguliwa.

15/ Halafu pesa ya serikali ikakauka. Mwishoni mwa miaka ya themanini wagonjwa wakaanza kulipa ada hospitalini. Josho za ng'ombe zilizokuwa zikiendeshwa na idara ya mifugo zikaachiwa kamati za wakulima kufikia miaka ya tisini. Kamati zenye pesa ya dawa ziliendelea. Zisizo na pesa, josho likawa shimo la kutupa takataka. Ukitembea leo Rongai au Njoro utaona kuta za josho za zamani zimemea nyasi. Hilo si gofu tu. Ni ushahidi wa kazi iliyorudishwa kwa wananchi bila pesa.

16/ Katika miaka hiyo hiyo ile ardhi ya matumizi ya umma ikaanza kuyeyuka. Kipande cha soko kikapata title ya mtu. Uwanja wa mpira ukawa ploti. Ripoti ya tume ya uchunguzi wa ugawaji haramu wa ardhi ya umma, iliyotolewa 2004, ilionyesha vile tabia hii ilivyokuwa imeenea nchi nzima, na kaunsili zenyewe zilikuwa miongoni mwa zilizogawa. Rudi kwenye post ya 10: ardhi iliyonunuliwa na michango ya wanakijiji ikaandikwa "ya umma", halafu umma ukapokonywa. Ndiyo maana hadi leo shule na zahanati kadhaa za mashambani hazina hatimiliki, na bila karatasi ni vigumu kujenga kitu cha maana bila kesi kukufuata.

17/ Kaunsili zilijaribiwa kufufuliwa. Kwanza kulikuwa na ada ya huduma iliyoanzishwa kwa sheria ya 1988, ikikatwa kwa mishahara na biashara. Wengi mnaikumbuka kwa kukimbizwa na askari wa kaunsili. Halafu sheria ya 1998 ikaleta LATF: asilimia 5 ya kodi ya mapato ya nchi ziende kwa serikali za mitaa, na baadaye kaunsili zikatakiwa kuwaita wananchi wapendekeze miradi. Kwa kaunsili nyingi hiyo ilikuwa pesa ya kwanza ya uhakika tangu 1969. Nyingi yake ilimezwa na madeni na mishahara iliyorundikana.

18/ Mwaka wa 2003 ikaja CDF: asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali iende kwa maeneobunge. Tuseme ukweli wote. CDF ilijenga madarasa na zahanati mahali ambapo hakuna ofisi nyingine ilikuwa imefika kwa miaka 30. Lakini ilimpa mbunge, ambaye kazi yake ni kutunga sheria na kuichunga serikali, mkono kwa kazi ya kujenga. Nani atamchunga sasa? Na kulikuwa na zahanati zilizojengwa bila wizara kuahidi nesi. Jengo linang'aa, rangi mpya, bango kubwa, kufuli mlangoni. Msimamizi wa jengo ni mmoja, mwajiri wa nesi ni mwingine.

19/ Mwaka wa 2009 ukaja mpango wa kuchochea uchumi wa shilingi bilioni 22, uliotaka kila eneobunge lipate soko la kisasa na kituo cha afya cha mfano, pamoja na mambo mengine. Masoko kadhaa nchini yalibaki nusu. Kabla hayajaisha, Katiba ikabadilika, masoko yakawa kazi ya kaunti, na mikataba ilikuwa imesainiwa na serikali kuu. Unaona vile mchezo unavyojirudia? Kazi imehama, karatasi na pesa zimebaki kule.

20/ Katiba ya 2010 ilivunja serikali za mitaa 175. Kuanzia 2013, Nakuru ikawa kaunti moja yenye maeneobunge 11 na wodi 55, ikirithi kaunsili ya kaunti, manispaa na miji kama Molo. Jedwali la Nne la Katiba liligawa kazi. Kwa kifupi:
Kaunti: zahanati na hospitali za kaunti, barabara za kaunti, masoko, huduma za maji, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijiji, mifugo na kilimo.
Serikali kuu: barabara kuu, shule za msingi na sekondari, polisi, hospitali za rufaa za kitaifa.
Kazi nyingi zilihamishwa kwa mkupuo Agosti 2013, ilhali Katiba ilikuwa imeruhusu kuhamisha polepole kwa miaka mitatu.

21/ Barabara. Kwenye orodha rasmi ya 2016, kati ya takriban kilomita 161,000 za barabara nchini, kama kilomita 121,000 ni za kaunti. Yaani robo tatu. Lakini ushuru wa kutunza barabara, ule unaolipa kila ukinunua lita ya mafuta, kwa sehemu kubwa umekuwa ukienda kwa mamlaka za serikali kuu. Julai 2024 ushuru huo ulipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Mwaka huo huo wa fedha, magavana na wabunge wakavutana juu ya shilingi bilioni 10.5 za ushuru huo: ziende kaunti au zibaki? Mwendesha boda wa Mauche alikuwa anaendelea kulipa hizo 25 wakati wao wanavutana.

22/ Maji. Kusambaza maji ni kazi ya kaunti, na Nakuru ina kampuni za maji za mjini, za mashambani na za Naivasha. Lakini miradi mikubwa hujengwa na wakala wa serikali kuu. Bwawa la Itare huko Kuresoi lilizinduliwa 2017 kwa ahadi ya kupeleka maji Nakuru na maeneo jirani. Mwaka wa 2018 kazi ikasimama mkandarasi wa Kiitaliano alipoishiwa pesa. Ukimwuliza gavana yeyote kwa nini Itare haijaisha, unamwuliza mtu ambaye hakusaini mkataba. Ukimwuliza kwa nini kioski cha maji cha kijiji kimekauka, hapo umefika kwa mwenyewe.

23/ Shule ndiyo mfano mzuri zaidi. Ingia kwenye uwanja mmoja wa shule ya mashambani. Darasa la chekechea ni la kaunti. Darasa la pili ni la NG-CDF. Choo kilijengwa na wazazi. Walimu wa msingi wameajiriwa na tume ya taifa, mwalimu wa chekechea na kaunti, mlinzi na wazazi. Barabara ya kufika hapo ni ya mtu mwingine tena. Bomba likipasuka, kila mmoja ana sababu halali ya kusema si langu. Mtoto wa miaka sita anakunywa maji ya nani?

24/ Na sasa CDF yenyewe. Agosti 2022 Mahakama ya Juu ilisema sheria ya CDF ya 2013 ilikiuka Katiba. Septemba 2024 Mahakama Kuu ikasema hata ile ya NG-CDF ya 2015 inakiuka, ikaweka tarehe ya mwisho kuwa 30 Juni 2026. Hoja kuu ya wapinzani wa mfuko ni ile ya post ya 18: mtunga sheria hafai kuwa mjenzi. Hoja ya watetezi nayo si ya kupuuzwa: karo za watoto maskini zinalipwa kutoka huko, na wazazi wengi hawaamini ofisi nyingine italipa. Ukiingia kwenye huo mjadala, jibu hoja zote mbili.

25/ Tufanye hesabu kidogo, kwa sababu ahadi nyingi hufa hapa. Mwaka wa fedha wa 2021/22 mgao wa Nakuru kutoka hazina ya taifa ulikuwa takriban shilingi bilioni 13, wa pili baada ya Nairobi. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo. Asilimia 30 ya bilioni 13 ni bilioni 3.9. Gawanya kwa wodi 55: kama milioni 71 kwa wodi, na hiyo ni ukigawa sawa na kabla hujajenga hospitali yoyote ya pamoja. Kilomita moja ya lami hugharimu makumi ya mamilioni. Kwa hivyo anayeahidi lami wodi nzima kwa muhula mmoja, mwulize pesa ya wodi zingine 54 amepewa na nani. Lakini pia milioni 71 si pesa ya kusema hakuna kitu. Hiyo ni maramu nyingi, kalvati nyingi na nesi wa kutosha kufungua zile kufuli.

26/ Hapo mtandaoni huwa tunapata kambi mbili. Ya kwanza: "Ugatuzi umeshindwa, rudisheni kila kitu Nairobi." Tulifanya hivyo 1970. Tulipata josho zilizomea nyasi na barua zinazosafiri. Ya pili: "Kaunti hazina makosa, shida ni pesa tu." Kaunsili za LATF zilipata pesa ya uhakika na bado nyingi zilikula kwa mishahara na madeni. Historia haisaidii kambi yoyote kati ya hizo. Inachoonyesha ni kwamba kazi na pesa zikikaa kwa ofisi mbili, hakuna anayeweza kuulizwa, na asiyeweza kuulizwa hafanyi.

27/ Kwa hivyo kabla ya kutukana mtu, uliza maswali manne:
Moja, kwa sheria hii kazi ni ya nani?
Mbili, pesa yake inapitia kwa nani?
Tatu, ardhi iko na hatimiliki, na kwa jina la nani?
Nne, mwaka wa pili, bango likishapauka, nani analipa nesi, dawa, dizeli ya greda na fundi wa bomba?
Swali la nne ndilo ambalo wagombea wengi hawataki kusikia. Kuzindua kuna picha. Kuzibua mtaro hakuna.

28/ Na una nguvu ya kuuliza. Kaunti hutakiwa kuwasilisha mpango wake wa mwaka kufikia 1 Septemba na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Wananchi wanafaa kusikizwa kabla. Ukikosa kwenda kikao cha wodi Februari, usishangae Agosti barabara yenu haiko kwenye orodha. Sheria ya kupata habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Andika barua, uliza mkataba wa mradi fulani, bei yake na tarehe ya kumaliza. Barua moja yenye swali la maana inasumbua ofisi kuliko tusi 500 hapa.

29/ Wazee walionunua ardhi Nakuru walitenga kipande cha zahanati kabla hawajajua daktari atatoka wapi. Walilipa kwa hisa zao, wakalipa tena kwa harambee, tena kwa ada ya majengo, tena kwa ada ya huduma, na wajukuu wao wanalipa leo kwa kila lita ya petroli. Mtu aliyelipa mara tano kwa kitu kimoja ana haki ya kuuliza kiko wapi. Ila aulize kwa mlango wa mwenye kazi, akiwa na karatasi mkononi.

30/ Mwisho wa uzi. Kama barabara, josho, soko au zahanati ya kwenu ina historia kama hizi, iandike hapo chini: ilijengwa lini, na nani, na nani anaitunza sasa. Matusi na majina ya wagombea tuyaache kwa nyuzi zingine. Mtumie pia yule rafiki yako ambaye kila siku anasema "serikali" bila kusema ni ipi.